Idara Zote Zilikaa Jikoni kwa Mama Yangu

Vijana wangu, Skola ndiye aliyenitaka niwaandikie. Amesema ninyi mnaanza kazi ya kuwaongoza watafiti katika mkoa wetu huu wa Songwe, na yeye ndiye anayewafundisha pale Vwawa, sasa anataka msikie kidogo kutoka kwa mtu wa zamani. Nimekubali. Ila niseme wazi tangu mwanzo kwamba namwonea wivu Skola, na wivu huo mtaukuta humu ndani mpaka mwisho. Yeye atasoma kabla yenu na hatafuta hata neno moja. Namjua. Ana adabu ya kunikera.

Mimi naitwa Lameki, mtu wa Hasamba, Mnyiha. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kutembea mbele ya watu wa vyuo vikuu. Gari lao linaacha lami, mimi nipo kiti cha mbele namwonyesha dereva njia. Tukifika kijijini natangulia kwa mwenyekiti, nasalimia, naeleza, kisha nakaa katikati ya mtafiti na mwenyeji, natafsiri Kinyiha au Kinamwanga kwenda Kiswahili na kurudi. Kindali nakielewa, ila nikikisema watu wa Ileje wananicheka, kwa hiyo kule nilikuwa nakwenda na mtu.

Ninyi mnadhani utafiti ni kitu kimoja. Hata mimi nilidhani hivyo. Mtu anakuja, anauliza, anaandika, anaondoka. Kumbe chuo kimoja kina idara nyingi, na watu wa idara hii hawajui watu wa idara ile wanafanya nini, utadhani wametoka nchi mbalimbali. Watu wa udongo hawapendi maneno. Wanachimba, wananusa, mmoja alikuwa anaonja kabisa kwa ulimi, nikamwambia pole. Watu wa lugha hawachimbi kitu, wanataka useme "jiwe" mara kumi huku wakikutazama mdomo. Watu wa miamba wanapita hapo kwenye kimondo chetu cha Mbozi, wanakipapasa, wananyamaza. Watu wa mifugo wanashika ng'ombe mkia. Watu wa lishe wanapima chakula kabla hakijaliwa, na watoto wa nyumba hiyo wanakaa wanawatazama kwa chuki. Kuna mmoja alikuja kwa ajili ya popo tu. Mtu mzima, ana mke na watoto, ametoka kwao mbali kuja kukaa mlangoni mwa pango la popo, na ana furaha.

Niliwaonea wivu, msinione hivi. Mimi niliishia darasa la saba. Usiku nikirudi nyumbani nilikuwa nawaza, yule bwana kuna watu walikaa mezani wakamuuliza, "Wewe unataka kujua nini hapa duniani?" Akajibu, "Popo." Wakamwambia, "Haya, nenda." Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninataka kujua nini. Na nilikuwa na langu moja. Nitawaambia mbele.

Kwanza niwape yatakayowafaa. Mkienda na watu wa udongo, elezeni kijiji kizima, sio mwenyekiti peke yake. Tulikwenda Mbangala na mwalimu mmoja wa chuo na wanafunzi wake, wakachimba vishimo vyao, wakajaza udongo kwenye mifuko ya nailoni, wakafunga vizuri, wakaandika juu. Mimi nilimweleza mwenyekiti, mwenyekiti akasema sawa, basi. Nikasahau kwamba Mbangala si Hasamba. Kule watu wanaishi na habari za dhahabu. Asubuhi tunarudi kuendelea, tunakuta pembeni ya kila kishimo chetu kuna shimo la mtu, kubwa, limezama mpaka kiunoni, na jamaa wanatusalimia kwa heshima kubwa: "Mtaalamu, leo unachimba wapi?" Mwalimu akawaambia anatafuta kujua kwa nini mahindi yanakuwa ya njano. Wakacheka sana. Mmoja akaniambia pembeni, "Mzee, bosi wako anajua kuficha." Walitufuata mpaka tulipoondoka, na nasikia yale mashimo wengine waliendelea nayo.

Na Tunduma msiende na makaratasi mkononi. Kulikuwa na binti wa idara ya uchumi, anataka kuongea na akina mama wanaovusha bidhaa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi. Nikampeleka sokoni. Akatoa ubao wake wa kuandikia, akabonyeza kalamu. Mama tuliyekuwa tunaongea naye Kiswahili safi muda huohuo akageuka Mzambia. "Mulishani, mulishani," Kibemba mfululizo, hajui Kiswahili hata kidogo. Wenzake wote wakawa Wazambia. Nikamwambia binti rudisha ubao kwenye begi, nunua nyanya, kaa chini. Akanunua nyanya, akakaa. Kiswahili kikarudi. Binti aliniuliza mbona hukuniambia mapema. Nikamwambia na mimi nimejifunza leo.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Siame, au tuseme yaliyobaki baada ya makosa ndiyo aliyonifundisha yeye. Mzee Siame hakuwa mtu wa chuo. Alikuwa akitafsiri mahubiri kanisani enzi za wachungaji wageni, na alikuwa mkali. Alinipa sheria tatu na ninyi mtazipata kwa Skola, ila mjue zimetoka wapi.

Ya kwanza: ukitafsiri, usiseme "anasema kwamba". Mwenyeji akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Mjane akisema "nilibaki peke yangu", na wewe mwanaume mwenye ndevu sema "nilibaki peke yangu". Mara ya kwanza utaona aibu, halafu utazoea. Nimekuwa mjane mimi, nimekuwa mganga, nimekuwa mwizi wa ng'ombe aliyeokoka.

Ya pili: ulichotafsiri kiache mlangoni. Usitoke nacho. Mtu akitoa sharti, kwamba hili asisikie fulani, sharti hilo ni amri hata kama aliyelitoa ni mlevi.

Ya tatu: usimtafsirie ndugu yako. Utamrekebisha bila kujua. Atasema tulikuwa na njaa, wewe utasema tulikuwa na shida kidogo.

Hii ya tatu ndiyo iliyoniua.

Skola nilimpata mimi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, binti wa Vwawa, mama yake Mndali, baba yake Mnyiha, kwa hiyo ana lugha zote hizo na kwa Kinamwanga anakwenda vizuri kuliko mimi. Nilimwona sokoni akiwapatanisha watu wawili walioshindwa kuelewana juu ya debe la maharage. Nikamchukua. Nikamfundisha kusalimia mpaka mwisho, kutokukimbilia swali, kukaa chini kama mwenyeji amekaa chini. Alikuwa anashika haraka mno. Mwaka wa pili tu watafiti wakawa wananipigia simu, "Mzee Lameki, tunakuja mwezi ujao, je, Skola yupo?" Namjibu, "Mimi nipo." Wanasema, "Vizuri, vizuri. Na Skola?"

Sasa siku moja watu wa lugha wakatafuta mwanamke mzee wa Kinyiha, asiyewahi kuhama, mwenye meno. Meno yanahitajika, kuna sauti hazitoki bila meno. Mwenyekiti wa Hasamba akafikiri, akasema, "Mbona mama yake Lameki hapo ana meno yote?" Kweli, mama yangu alikuwa na meno yote, na mengi anayo mpaka leo. Basi wakaniangalia mimi. Na mimi, kwa ujinga wa kupenda sheria, nikasema, "Ndugu yangu simtafsirii. Aende Skola."

Ndivyo nilivyomwingiza kwetu kwa mkono wangu.

Walikaa jikoni, maana mama hapendi sebule, anasema viti vya sebuleni vinamzamisha. Mimi nikabaki uani natengeneza uzio ambao haukuwa na tatizo. Nasikia sauti ya mama kwa ndani, halafu nasikia Skola kwa Kiswahili: "Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto kule, baba yangu alikuwa fundi wa mizinga." Nikasimama na nyundo. Babu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki? Mimi nilijua alikuwa mkulima tu. Msichana wa watu amekaa jikoni kwetu anasema "mimi", na huyo mimi ni mama yangu, na anajua babu yangu alifanya kazi gani kabla yangu.

Watu wa lugha wakasimulia chuoni kwamba kuna bibi Hasamba anaongea vizuri na hachoki. Basi, wakaanza kuja. Idara moja inaleta nyingine. Mama ana chungu kimoja cha maharage, cheusi, kimepasuka mdomo kidogo, na hicho chungu kimesoma chuo kikuu kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Watu wa lugha walikuja kuuliza jina lake na jina la mfuniko wake. Watu wa lishe wakapima kilichomo. Watu wa kemia wakachukua majivu ambayo mama anayachuja kupata magadi ya kulainishia maharage, wakayatia kwenye chupa ndogo. Watu wa historia wakauliza kilifinyangwa na nani, na huyo aliyekifinyanga aliolewa wapi. Watu wa kilimo wakauliza mbegu ya maharage inatoka kwa nani. Watu wa misitu wakauliza kuni. Mwisho akaja mmoja wa jinsia na maendeleo, akauliza nani anaamua chungu kipikwe lini. Mama akajibu, "Njaa." Skola akatafsiri, "Njaa." Yule akaandika kwa muda mrefu sana.

Wote hao hawakujuana. Kila mmoja aliondoka na kipande chake cha chungu. Niliwahi kumwambia yule wa historia, "Mbona msikae pamoja siku moja mpike?" Akasema bajeti ni tofauti.

Na mimi je? Mimi nilizaliwa humo jikoni na sikuwa na kipande. Nikirudi jioni namuuliza mama, "Leo mmeongea nini?" Ananiambia, "Mambo ya zamani. Umekula?" Siku nyingine namuuliza Skola ndani ya gari. Anatazama barabara, anasema taratibu, "Kiache mlangoni, mzee. Si ndivyo ulivyonifundisha?" Nilikuwa natamani kumteremsha hapohapo njiani.

Sasa niwaambie lile langu moja, jambo ambalo ningeulizwa mezani ningelisema kama yule bwana alivyosema popo. Mama yangu haimbi. Ninyi mnajua Hasamba, mnajua kwetu watu wanavyoimba, shambani wakichuma kahawa, msibani, kanisani ndiyo usiseme. Mama anakwenda kanisani kila Jumapili, anasimama na kitabu cha nyimbo, na midomo haichezi. Nilipokuwa mtoto wenzangu walikuwa na nyimbo za mama zao, wanazijua, wanachezea. Mimi sina hata mmoja. Nilimuuliza baba kabla hajafariki, akasema, "Mama yako ndivyo alivyo." Nikakua nikiamini kuna watu wameumbwa bila wimbo. Ila lilikuwa linanikaa kooni. Nilitaka kujua kwa nini.

Nilipokwisha kuacha kazi, magoti yamekataa na Skola ameshachukua kila kitu, akaja kijana wa idara ya muziki. Mpole, amebeba kinasa sauti na maiki yenye manyoya. Anakusanya nyimbo za kulaza watoto katika mkoa mzima, kuanzia Ileje mpaka huku. Skola akampeleka kwa akina mama wengi, na siku moja wakaingia kwa mama yangu. Nikacheka peke yangu. Nikasema hapa leo watatoka mikono mitupu, na angalau kwa jambo hili mimi na idara zote tuko sawa.

Walikaa huko sana. Walipotoka, yule kijana alinipa mkono, macho mekundu, akaniambia, "Mzee, mama yako ana sauti jamani. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile. Wewe una bahati, umelelewa na hiyo."

Niliona Skola amekodolea macho chini kama amedondosha sindano. Nikaingia jikoni. Mama anapepeta maharage. Nikamwambia, "Umeimba." Akasema, "Umekula?" Nikatoka nikaenda kukaa kwenye shamba la kahawa mpaka giza.

Vijana, wivu ni kitu cha ajabu. Kumwonea mtu wivu kwa sababu ana gari, hilo unaweza kuliombea likaisha. Lakini mtu kapewa sauti ya mama yako, na ni mgeni, na ana maiki yenye manyoya, hilo linalala na wewe kitandani. Nilikuwa naamka nasema, yule kijana anayo. Skola anayo. Dereva aliyekuwa amekaa dirishani huenda anayo. Nilimnunia mama, nikawa nakwenda nasalimia, napeleka sukari, naondoka. Mzee mzima mwenye wajukuu, nanuna.

Kisha yakaja mambo ya mrejesho. Watafiti wengi hawarudi, mtaliona hilo, watu watawauliza, "Wale wenzenu matokeo yako wapi?" na hamtakuwa na jibu. Yule wa muziki alirudi. Alikuja na spika, akaomba ofisi ya kata, akaita watu wote walioimba na familia zao waje wasikie. Mama hakuja, miguu ilikuwa imevimba. Mimi nilikuja mapema, nikakaa benchi la mbele. Nilikuwa nimevaa koti.

Wakapiga nyimbo. Mtu akisikia mama yake au bibi yake, watu wanapiga makofi, wanachekana. Ilikuwa raha. Halafu Skola akatoka pale mezani, akainama sikioni kwangu.

"Mzee, naomba utoke nje kidogo."

"Nitoke niende wapi?"

"Hapo nje tu. Unaofuata ni wa mama."

"Ndio huo nilioujia."

"Najua, mzee." Akachuchumaa kabisa mbele yangu, kama mtu anayeomba msamaha. "Mama aliupa kwa sharti. Alisema wausikie watu wote wanaotaka, isipokuwa mwanangu Lameki. Aliyasema mwenyewe, kwenye kinasa sauti, mara mbili."

Watu wameanza kutazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Skola, mimi ndiye niliyekutoa sokoni kwenye debe la maharage."

"Ndiyo, mzee. Na sharti ni amri. Uliniambia hata kama aliyelitoa ni mlevi. Na mama hanywi."

Nilisimama. Sijui niliwezaje. Nikapita katikati ya mabenchi na koti langu, watu wananipisha, hakuna anayecheka, ni afadhali wangecheka. Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia madirisha yanafungwa, moja moja. Nikasogea ukutani, nikasema nitasikia japo kwa mbali. Skola akachungulia mlangoni, akaniona, akamwita jamaa wa bodaboda aliyekuwa amepumzika pale. Akamwambia washa pikipiki upige resi mpaka nikuambie acha. Jamaa akapiga resi. Moshi wote kwangu. Mwanamke yule anafikiria kila kitu.

Walipofungua mlango, watu walitoka taratibu. Akina mama wanafuta macho kwa khanga. Mtendaji wa kata, ambaye si mtu wa kwetu, kahamishiwa juzi, hata Kinyiha hajui, naye ameusikia. Bibi mmoja jirani wa mama alinishika mikono yote miwili, akanitazama, akaniambia, "Basi, Lameki. Basi." Akaondoka. Nilikuwa mtu pekee katika kata ya Hasamba ambaye hakusikia mama yangu akiimba.

Sikwenda nyumbani kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa jikoni, miguu ameinyoosha juu ya gunia.

"Umeniaibisha, mama."

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Skola ni binti mzuri," akasema.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, nimesimama, kichwa kinagusa dari la jikoni. Nikamwambia nimeleta watu wa vyuo hapa, wa lishe wakapewa, wa lugha wakapewa, wa majivu wakapewa majivu, hata wa kuni wakapewa habari za kuni, na mimi niliyetoka tumboni mwako hujanipa hata wimbo wa kanisani. Nikamwambia, kama hunipendi ungeniambia nikiwa mdogo nikazoea. Ndiyo, nilisema hivyo, na umri wangu huu.

Mama aliivuta miguu, akanipa nafasi kwenye gunia. Akasema, "Kaa chini." Nikakaa.

"Una dada yako," akasema. "Mkubwa wako. Anaitwa Enesi."

Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Ila nilikumbuka bibi mmoja wa zamani sana, marehemu sasa, alikuwa akimwita mama "Mama Enesi", na sisi tukidhani uzee umemchanganya.

"Aliugua homa," mama akasema. "Nikambeba mgongoni kwenda zahanati ya misheni. Njia ni ndefu, na analia, analia njia nzima. Nikamwimbia. Ulikuwa wimbo wa mama yangu, wa kulazia watoto. Nikaimba, nikaimba, akanyamaza. Nikashukuru. Nikasema amelala, sasa atapumzika. Nikaongeza mwendo, na nikaendelea kumwimbia ili asiamke. Nilifika pale ninaimba. Muuguzi akamshusha mgongoni."

Alichukua ungo, akauweka mapajani, hakupepeta.

"Halafu ukaja wewe. Ulikuwa mtoto wa kulia, usiku mzima. Baba yako alikuwa akiniambia, mwimbie huyo mtoto watu walale. Nikamwambia hapana. Alie. Alie tu, nimsikie."

"Mama."

"Niliyemwimbia aliondoka. Wewe sikukuimbia, ukakaa."

Nikamuuliza sasa kwa nini yule kijana wa muziki alimpa. Akasema, "Aliniuliza vizuri. Nikaona mimi ni mzee, na wimbo ulikuwa wa mama yangu, hauna kosa. Nikasema auchukue akakae nao huko chuoni, mbali na wewe."

"Mama, mimi nina mvi. Nina wajukuu. Wimbo utanifanya nini?"

Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole, kama anayekagua kazi yake.

"Ndiyo," akasema. "Umekaa. Umekula?"

Nikala. Maharage ya kile chungu.

Basi vijana, hayo ndiyo. Mkifika kwa mtu msidhani kwamba anayewapa ninyi kitu anakipenda zaidi kuliko yule aliyemnyima. Na mkiambiwa fulani asisikie, fungeni madirisha, na bodaboda msiisahau.

Wimbo upo. Upo chuoni, na Skola anao kwenye simu yake, ataupiga mkimwomba, mnaruhusiwa ninyi wote. Mimi bado nawaonea wivu, nisiwadanganye, leo hii naandika nawaonea wivu hata ninyi nisiowajua. Skola aliwahi kuniambia, kwa ile adabu yake, kwamba siku mama akitangulia sharti linaweza kuangaliwa upya. Nikamwambia aniondolee maneno hayo.

Kila Jumapili baada ya ibada napita kwa mama. Macho ya mama hayaoni mbali tena, kwa hiyo nikifika uani nakohoa. Anauliza kutoka jikoni, "Ni wewe?" Nami najibu kwa sauti kubwa, asikie vizuri, "Ni mimi, mama. Nipo."